Ziwa Lililokuwa Mto

Ukitoka kituo cha treni cha Jamsil, kusini-mashariki mwa Seoul, kinachokukabili kwanza ni mnara. Lotte World Tower una ghorofa 123 na urefu wa mita 555, na tangu ufunguliwe Aprili 3, 2017 hakuna jengo jingine Korea linaloufikia. Wageni husimama kwenye njia ya miguu wakainua simu, wakarudi nyuma hatua mbili tatu ili wauingize wote kwenye picha, wakashindwa, wakarudi nyuma tena. Mimi huwapita. Nazunguka jengo, nashuka ngazi katikati ya vichaka vilivyopunguzwa vizuri, na ngurumo ya mabasi inabaki juu yangu. Chini kuna maji.

Hili ni Ziwa Seokchon. Barabara kuu ya Songpa-daero imelikata katikati, ziwa la mashariki huku na la magharibi kule, na njia ya waendao kwa miguu hupenya chini ya barabara kuyaunganisha. Kuyazunguka yote mawili ni mwendo wa kilomita mbili na nusu hivi. Kina chake ni mita nne hadi tano. Mtu aliyekulia Mwanza, ambako maji huenda mpaka jicho likachoka, angeweza kulitazama mara moja, akaliita bwawa, akashika njia yake. Mimi nimelipenda kuliko mahali pengine popote Korea, na nimelizoea katika majira yake yote manne, kwa sababu kila nikirudi nalikuta linafanya kazi nyingine. Na zaidi kwa sababu halikuanza kama ziwa.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 hapa palipita mto. Mto Han, unaoligawa jiji la Seoul kaskazini na kusini, ulikuwa ukifika eneo hili unatengana mikono miwili, na katikati yake kulikuwa na kisiwa cha mchanga, Jamsil. Kwa karne nyingi mkono wa kusini ndio uliokuwa mkondo mkuu. Palikuwa na kivuko, Songpa, ambapo mashua zilipakua mazao na bidhaa kabla hazijaingia mji mkuu, na penye kivuko hapakosi soko. Soko la Songpa lilikuwa miongoni mwa makubwa ya nchi mwishoni mwa enzi ya Joseon. Wafanyabiashara wake waligharimia ngoma ya vinyago ili watu wajae sokoni, na ngoma hiyo, Songpa Sandae Nori, imetambuliwa na serikali kuwa urithi wa taifa tangu 1973. Inachezwa mpaka leo kwenye uwanja wa wazi uitwao Seoul Nori Madang, ukingoni mwa ziwa la magharibi. Soko halipo, mashua hazipo, mto haupo. Vinyago vipo.

Mwaka 1925 mto ulifurika vibaya mno. Wakorea bado huyaita mafuriko hayo kwa jina la mwaka wake katika kalenda ya zamani, mwaka wa Eulchuk, na katika bustani ndogo mtaani Songpa kuna jiwe la kuyakumbuka. Kijiji kilisombwa, soko likasombwa, na waliosalimika wakahamia mahali palipoinuka. Maji hayo hayo yalikwangua ardhi upande wa Amsa, si mbali na hapa, yakafichua vyungu na makazi ya watu wa kale ambao hakuna aliyejua kwamba waliwahi kuishi pale. Lakini kilichoumaliza mkono wa kusini si mafuriko, ni mipango ya jiji. Seoul ilikuwa imejaa watu na ilihitaji ardhi. Mwaka 1971 mkono huo ukazibwa, maji yakaelekezwa kwenye mkono wa kaskazini uliokuwa umepanuliwa, na kisiwa kikaunganishwa na bara. Udongo wa kufukia haukutosha, ikabidi yaletwe majivu ya makaa ya majumbani na takataka za jiji kujazia. Juu yake yakapandishwa maghorofa ya makazi, safu kwa safu. Kipande cha mto ambacho hakikufukiwa ndicho hiki, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikafanywa bustani ya umma.

Nilifika Seoul mwishoni mwa Agosti, kama wafikavyo wanafunzi wengi wa ufadhili, kwa kuwa muhula huanza Septemba. Kwa hiyo majira yangu ya kwanza ziwani yalikuwa yale ya kupukutika majani, na ninashukuru yalikuwa hayo, maana ni majira yanayompokea mgeni kwa upole. Joto zito la Agosti linakatika ghafla, pengine katika juma moja. Anga inapanda juu. Unyevu unaondoka hewani na vitu vya mbali vinasogea karibu. Milima inayoizunguka Seoul, ambayo kiangazi ilikuwa kivuli tu, inaonekana hadi mikunjo yake.

Majani ya Seokchon hayabadiliki kwa pamoja. Micheri, ambayo ndiyo miti mingi zaidi hapa, huanza mapema, na rangi yake ni ya kutu, si nyekundu ya kadi za posta. Baadaye inafuata miginko, ikipiga manjano kali kiasi kwamba siku ya mawingu unaweza kudhani jua limetoka upande huo mmoja. Wekundu wenyewe huja mwisho, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, na hapo ndipo watu hutoka majumbani kwa kusudi la kutazama majani. Jambo hili lilinigusa sana. Watu wazima, wenye kazi na madeni, hupanga Jumamosi yao kwenda kuangalia jani likibadilika rangi. Wanakuja na wazazi wao. Wanasimama chini ya mti, mama anashikwa mkono, anapigwa picha, anaulizwa kama amechoka.

Wenyeji wa kila siku ni wengine. Asubuhi na jioni ziwa ni la wazee, na wazee wa Seoul hawatembei kupunga upepo, wanatembea kwa nia. Kina mama huvaa kofia zenye ukingo mpana wa plastiki uliotiwa kivuli, glavu nyeupe, viatu vizuri, na huenda wakirusha mikono mbele na nyuma, wengine wakipiga makofi kwa mwendo. Njia imetandikwa mpira laini kwa ajili ya magoti yao. Kila baada ya hatua kadhaa kuna vyuma vya mazoezi: cha kuzungusha kiuno, cha kukanyaga, cha kunyoosha mgongo. Mtu wa miaka themanini huning'inia pale bila kuona haya, naye kijana humsubiri amalize.

Ni katika majira haya, Oktoba 2014, ambapo msanii wa Kiholanzi Florentijn Hofman alikuja kuelesha bata wake wa mpira, wa manjano, urefu wa jengo la ghorofa tano au zaidi, na bata huyo akakaa juu ya maji kwa mwezi mmoja. Alirudishwa tena mwaka 2022. Wenyeji bado wanakitumia kipindi hicho cha kwanza kupimia mambo: mtoto fulani alizaliwa mwaka wa bata. Lakini mwaka ule ule wa 2014 haukuwa wa furaha tupu hapa. Mnara ulikuwa ukijengwa, maji ya ziwa yalikuwa yamepungua, na mwezi Agosti barabarani, kwenye njia ya chini ya Seokchon, ardhi ilididimia, na uchunguzi ukakuta chini yake uwazi wenye urefu wa mita 80. Wataalamu wa jiji walieleza kuwa chanzo ni uchimbaji wa handaki la treni ya laini ya tisa. Naelewa hofu iliyowapata watu. Wanakaa juu ya mto wa zamani uliofukiwa, na ardhi ya namna hiyo haisahau upesi ilivyokuwa.

Baridi inakuja kutoka Siberia, na haiji kwa mzaha. Januari, wastani wa joto Seoul uko nyuzi mbili chini ya sifuri, lakini wastani hauelezi asubuhi ambazo kipimo kinashuka hadi kumi na zaidi chini ya sifuri na upepo unakatiza kati ya maghorofa ukitafuta masikio. Jiji zima huvaa makoti marefu meusi yaliyojazwa manyoya ya bata, yanayofika kwenye vifundo vya miguu. Mwanzoni ziwa linaganda kingoni tu, utando mwembamba ulio kama ule wa maziwa yaliyopoa kwenye kikombe, na mabata hulazimika kukusanyika katikati penye maji bado. Baridi ikishikilia, utando unanenepa na kuwa mweupe.

Idara ya hali ya hewa ina desturi moja ninayoipenda. Mto Han hauhesabiwi kuwa umeganda kwa sababu tu mtu ameona barafu mahali. Kuna sehemu maalumu karibu na daraja la Hangang, kati ya nguzo ya pili na ya nne, ambayo huangaliwa kila mwaka, na pakifunikwa na barafu ndipo tangazo hutolewa. Kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi 1906. Miaka mingine sasa tangazo halitoki kabisa, majira ya baridi yanapita bila mto kuganda.

Habari ya barafu niliisikia kwa undani zaidi kwa bibi mmoja, kwenye kibanda cha bungeoppang, yale mandazi yenye umbo la samaki na maharage mekundu matamu ndani. Tulikuwa tunasubiri yaive, sote tumeinamia moto. Nilimwinamia kichwa kwa heshima kama wafanyavyo huku, nikamwita halmeoni, bibi, naye akaniita haksaeng, mwanafunzi, kama wazee wanavyomwita kijana yeyote mwenye begi mgongoni. Akauliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Tanzania, karibu na ziwa kubwa, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: je, linaganda? Nikasema haligandi, watu wa kwetu wanavua humo mwaka mzima. Alifikiri kidogo, kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa maji na kusema kwamba alipokuwa mtoto hapa palikuwa na mto, na baridi ikifika hawakuhitaji mashua, walivuka kwa miguu juu ya barafu kwenda ng'ambo ya pili, na wanaume walikuja na misumeno kukata barafu. Ng'ambo ya pili aliyoitaja sasa ni duka la fahari lenye vioo hadi juu. Nilitaka kumlipia mandazi yake. Akakataa, tukavutana, akashinda yeye, akanilipia mimi.

Majira ya baridi ndiyo ninayoyachagua kwenda kwenye jiwe jingine la kumbukumbu. Liko upande wa magharibi, chini ya paa la mbao lililopakwa rangi, na wapitao wengi hawageuzi shingo. Ni mnara wa Samjeondo. Mwishoni mwa mwaka 1636 jeshi la Wamanchu wa dola ya Qing lilivuka mpaka wa kaskazini, likashuka upesi hadi Seoul. Mfalme Injo alikimbilia ngome ya Namhansanseong, mlimani kusini-mashariki mwa hapa, akajifungia huko siku 47 katikati ya baridi, chakula kikipungua na askari wakiganda kwenye kuta. Mapema mwaka 1637 aliteremka. Hapa, kwenye kivuko cha Samjeondo ukingoni mwa mto, alipiga magoti mara tatu na kuinamisha kichwa hadi ardhini mara tisa mbele ya Hong Taiji, mfalme wa Qing. Wanawe walichukuliwa mateka. Kisha Wakorea wakalazimishwa kuchonga wenyewe jiwe la kumsifu aliyewashinda, na mwaka 1639 likasimamishwa, upande mmoja maandishi ya Kimanchu na Kimongolia, upande wa pili ya Kichina.

Yaliyolipata jiwe baada ya hapo ni kisa kizima. Mwaka 1895, Qing iliposhindwa vitani na Japani, lilifukiwa. Chini ya utawala wa Wajapani likainuliwa. Baada ya ukombozi likafukiwa tena, na mwaka 1963 mafuriko yakalifunua. Likahamishwa, likahamishwa tena. Mwaka 2007 mtu alilipaka rangi nyekundu kwa hasira. Wanahistoria walipotafuta mahali lilipokuwa limesimama tangu mwanzo, ikaonekana panaangukia ndani ya ziwa la magharibi, majini. Kwa hiyo mwaka 2010 likawekwa hapa, nchi kavu iliyo jirani zaidi na mahali pake pa asili. Naona walifanya vyema. Taifa lenye mnara wa mita 555 lingeweza kulificha jiwe la aibu katika ghala la makumbusho, nani angeuliza? Badala yake limeachwa pale ambapo mtoto wa shule anaweza kulifikia kwa miguu, akasoma. Ukisimama mbele yake Januari, pua ikiuma, huhitaji mwalimu wa kukueleza siku 47 mlimani zilikuwaje.

Ng'ambo ya pili, mita chache tu, ni kisiwa kilichotengenezwa katikati ya ziwa la magharibi mwaka 1990, chenye kasri la rangi za pipi na mitambo ya kurusha watu juu na kuwaachia. Hata siku za theluji vijana hupanda. Mayowe yao husafiri juu ya barafu hadi penye jiwe. Zamani sauti hizo ziliniudhi. Sasa naona ni sawa zisikike hapo.

Machi ni mwezi wa vumbi. Upepo hubeba mchanga kutoka majangwa ya Mongolia na kaskazini mwa China, anga inageuka rangi ya chai ya maziwa, na simu hutuma tahadhari ya kuvaa barakoa. Halafu siku moja vichaka vya gaenari vinatoa maua ya manjano kabla hata ya majani, na kila mtu anaanza kuuliza swali moja.

Swali hilo lina jibu rasmi. Katika kituo cha hali ya hewa cha Seoul, mtaa wa Songwol, kuna mcheri mmoja uliochaguliwa. Maua matatu au zaidi yakichanua kwenye tawi lake moja, basi micheri ya Seoul imechanua. Mwaka 2021 ilitangazwa Machi 24, mapema kuliko mwaka wowote tangu kumbukumbu zilipoanza 1922. Zamani watu walipanga kuanza kutazama maua Aprili, sasa halmashauri zinazoandaa tamasha zinakisia tarehe kila mwaka na kuwaomba radhi wananchi maua yakiwahi au yakichelewa. Mwanafunzi mwenzangu wa Kikorea aliniambia bibi yake hapendi maua yanapowahi. Huona kama mgeni aliyefika kabla nyumba haijafagiliwa.

Ziwa Seokchon lina micheri kama elfu moja, imepandwa pande zote mbili za njia, na matawi yake yameachwa yainame kuelekea majini. Inapochanua yote, njia inakuwa handaki jeupe lenye wekundu kwa mbali, na umati unaokuja ni mkubwa hata huwezi kuchagua mwendo wako. Unakwenda umati unapokwenda. Wafanyakazi wa wilaya ya Songpa wenye vizibao vya kung'aa husimama kwenye kona na kuelekeza watu wazunguke upande mmoja. Wanandoa wapya, askari waliopewa likizo fupi, watawa wa Kibudha, watoto wa chekechea waliofungwa kwenye kamba moja ili wasipotee, madaktari waliotoroka saa ya chakula cha mchana, wafanyakazi wahamiaji kutoka Nepal na Vietnam wakipiga simu za video nyumbani. Mimi pia nilipiga. Mama aliangalia kwa muda, akasema: "Mwanangu, na matunda yake?" Nikamwambia hii si ya matunda, imepandwa itazamwe. Akanyamaza, akasema basi zungusha simu nione tena.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, halmashauri ilifunga milango yote ya bustani kwa kipindi chote cha maua. Micheri elfu moja ikachanua na kupukutika, na watu wakaitazama kupitia uzio na madirisha ya maghorofa. Wanaokaa jirani hulizungumzia jambo hilo kwa uchungu ambao sikuwahi kuusikia wakizungumzia kufungwa kwa maduka au ofisi.

Hapa nitasema lililo moyoni mwangu, maana kila majira ya maua hunirudia. Ardhi inayozunguka ziwa hili ni miongoni mwa ghali zaidi Korea. Nyumba yenye dirisha linalotazama maji haya huuzwa kwa fedha ambazo mimi siwezi hata kuzipigia hesabu. Hata hivyo hakuna hatua moja ya ukingo iliyofungwa kwa uzio wa mwenye nyumba. Hakuna hoteli iliyoshuka hadi majini ikaweka mlinzi. Hakuna kiingilio, isipokuwa kwa yule anayetaka michezo ya kisiwani. Mzee anayeokota maboksi kwa ajili ya kuuza hukaa benchi moja na mwenye gari la dereva. Kwetu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari, na sote tunajua kuta zinavyofika majini hata hivyo, Ziwa Viktoria na pwani. Watoto wa Mwanza wanakua mjini penye ziwa huku wakilitafuta ziwa kwa njia za panya. Seoul ilifanya mabaya yake kwa mto huu, iliukata na kuuzika. Lakini kipande kilichobaki ilikiacha wazi kwa kila mtu, na kwa hilo naipa heshima yote.

Maua hayadumu. Siku saba, kumi zikizidi, na mvua moja ya usiku yatosha. Asubuhi yake maji hayaonekani kwa petali. Wafagiaji hufika saa kumi na mbili na mifagio ya plastiki na mashine za kupulizia. Nimemwona mmoja akifagia njia yote mpaka chini ya mti uliokuwa bado unamwaga, akasimama, akaegemea mfagio, akauacha mti umalize.

Kiangazi huanza na jangma, mvua za mwishoni mwa Juni hadi Julai. Sisi tuliozaliwa na masika tunadhani tunaijua mvua, lakini jangma ina ukaidi wake: mawingu yanajipanga juu ya rasi ya Korea na kukaa, nguo hazikauki, kuta za vyumba vya chini zinatoa ukungu. Sehemu kubwa ya mvua ya mwaka ya Seoul hunyesha kiangazi. Agosti 8, 2022 sehemu moja ya kusini mwa jiji ilipata milimita 141.5 kwa saa moja tu, magari yakaelea barabarani Gangnam, watu wakafa katika nyumba za chini ya ardhi. Usiku ule mto wote uliokuwa umezikwa chini ya lami ulionekana kutaka njia yake.

Jangma ikipita, nyenze wanashika zamu. Wanaanza alfajiri na hawalali hata usiku, kwa kuwa taa za jiji haziwaachi wajue giza limeingia. Joto hubaki kwenye saruji hadi usiku wa manane, na watu huhamia ziwani. Familia hukaa kwenye ngazi zinazoshuka majini na feni za umeme mkononi. Migahawa ya jirani huuza kongguksu, tambi katika maziwa baridi ya soya yenye vipande vya barafu, chakula nilichokionea shaka kwanza na sasa nakihesabia siku.

Wengi wa wanaokaa pale jioni hawajui kuwa maji wanayoyatazama hayakujileta. Ziwa lililokatwa kutoka mtoni halina chemchemi ya kutosha kulilisha, hivyo maji hupampwa kutoka Mto Han kulijazia. Mto uliofukuzwa hapa mwaka 1971 bado unafika, ila sasa kwa bomba. Na maji yaliyotuama kiangazi hugeuka kijani, huota mwani, hunuka. Kwa miaka mingi Seokchon ilijulikana hivyo, ziwa zuri la kutazama kwa mbali. Kuanzia 2021 wilaya ya Songpa na kampuni za Lotte zilianza kazi ya kuyasafisha, na maji yakaanza kupenywa na jua hadi pale ambapo unaona samaki akigeuka.

Mwaka uliofuata walifanya jambo ambalo wenyeji wengi hawakuliamini. Waliwaruhusu watu waingie majini, kwa mashindano. Mashindano yenyewe huitwa Aquathlon: washiriki huogelea mita 1,500 katika ziwa la mashariki, kisha hupanda kwa miguu ngazi zote 2,917 za mnara hadi ghorofa ya 123. Nilikwenda kuyatazama Julai moja, mapema, kabla jua halijawa kali. Ukingo wote ulijaa. Wazee wa matembezi ya asubuhi walikuwa wameshika nafasi za mbele na hawakumpisha mtu. Filimbi ikalia, makundi ya watu wenye kofia za rangi yakajitupa majini, na ziwa nililolizoea likiwa shwari, au barafu, au petali tupu, likachemka kwa mikono.

Nilisimama karibu na mahali pa kutokea. Mwanamume wa makamo alitoka akihema, maji yakimchuruzika, na mtu akamuuliza kwa sauti yakoje. Akajibu bila kusimama: juu vuguvugu, chini baridi ya mto! Kikongwe mmoja pembeni yangu alivigonga vyuma vya uzio kwa fimbo yake na kupaza sauti kumtia moyo, "Hwaiting!" Wenzake wakaitikia. Nami nikaitikia, kwa nguvu zangu zote, kwa huyo na kwa aliyemfuata, wakivuka njia mbio miguu mitupu kuelekea kwenye ngazi za mnara.